Kiti cha Mikoba

Kila mwaka, kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa usingizi, meza ya kamati iliwekewa kiti kimoja cha mwakilishi wa madaktari wanaosomea ubingwa. Kila mwaka hakuna aliyekikalia. Na kwa kuwa sakafu ya ukumbi ule haikuaminika kwa usafi, kikageuka kiti cha mikoba.

Jambo hilo lilimkera Mama Nusu Kaputi. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wake, waliosema analaza wagonjwa kwa sindano na wao kwa nasaha. Wiki ile nasaha ilikuwa moja tu.

"Kesho chama kinaamua kama mwanafunzi aachwe peke yake kumlaza mtoto, bila bingwa karibu," aliwaambia wakinawa mikono nje ya chumba cha upasuaji. "Mwaka jana waliahirisha. Walisema hakuna aliyelalamika. Sasa nani anakwenda?"

"Mama, chama changu mimi ni kitanda," alisema Mcheshi, "na leo sijahudhuria kikao hata kimoja."

Wakacheka. Binti waliyemwita Kimya hakucheka. Alizidi kusugua kucha kana kwamba zimemkosea. Yeye aliwahi kuachwa na mtoto mezani, pumzi zikaanza kukatika, na bingwa hapokei simu. Mtoto alipona. Kimya bado.

"Na wewe, mwanangu?"

"Wale ni wakubwa, Mama. Mimi bado najifunza. Nikisimama mbele yao ulimi utagoma."

"Basi usisimame. Kiti kipo."

Kimya akatabasamu kwa adabu. Mama alilijua tabasamu lile, lilikuwa hapana.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Mama alikaa mstari wa mbele, roho juu, akiangalia mlango kila ulipolia.

"Suala la wanafunzi," alisema mwenyekiti. "Mwakilishi yupo?" Akaitazama ile mikoba kitini kama anayesubiri ijibu. Watu wakaangua kicheko. "Haya, mikoba haina neno. Tuahirishe."

Mlango ukalia. Akaingia Kimya, kofia ya upasuaji bado kichwani, viatu vya plastiki vikipiga kelele sakafuni. Alitafuta pa kujibana nyuma, lakini hata ukutani watu walikuwa wamesimama bega kwa bega. Akaja mbele taratibu mpaka mezani.

"Samahani," alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Mikoba hii ni ya nani?"

Wenyewe wakaichukua, mmoja baada ya mwingine, wakikwepa macho yake. Ukabaki mmoja, mkubwa, mweusi, mpini umeshonwa kwa uzi.

"Na huu?"

Mama aligeuka huku na huku kumtafuta huyo asiye na haya. Kisha akautambua ule uzi. Aliushona mwenyewe. Miaka yote akiwahimiza wanafunzi waje, mkoba wake ndio uliokuwa umewakalia nafasi.

"Wangu, mwanangu. Lete."

"Pole, Mama."

"Pole ni yangu mimi. Wewe kaa."

Kimya akakaa. Ulimi uligoma kweli, akaanza upya.

"Mwaka juzi nilikuwa peke yangu na mtoto. Pumzi zikakatika. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikawa naminya mfuko wa hewa kwa mikono hii, mpaka nesi akanishika bega akaniambia, tulia, amerudi. Sitaki mwenzangu yeyote ayaone hayo akiwa peke yake."



"Mbona hukusema mwaka jana, binti?" aliuliza daktari mmoja mzee.

"Kiti kilikuwa na mikoba, mzee."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha aibu. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono, na mikono ikafuata hadi ya wale wa ukutani: kuanzia sasa, mwanafunzi haachwi peke yake na mtoto.

Mama akainama kumwelekea Kimya. "Zamu yako kaishika nani?"

"Mcheshi. Amesema kitanda kimempa ruhusa."

Mkutano ukaendelea na mambo mengine. Jirani yake Mama akamgusa. "Dada, huo mkoba mzito. Uweke chini."

"Niache nao," alisema Mama, akiukumbatia mapajani, macho hayabanduki pale kitini. "Hapa ndipo mahali pake."