Jiko Dogo la Mwanaamina

"Mawe ni mawe tu, Mama Leonidasi! Mlimani yamejaa tele, si ukaokote mengine?"

"Hayo ni mafiga yangu, Mama Kuruthumu. Moja lina ufa, liangalie. Na huyo anayepuliza moto hapo ni mama mkwe wangu."

Kuhusu mama mkwe hawakubishana. Nusu ya Kasulu ilikwisha kumwona Bibi Uwimana, marehemu wa mwaka juzi, amechuchumaa ndani ya jiko la Mwanaamina, huyo Mama Kuruthumu, kila jua linapoteremka. Watu walisimama uani, wakamwamkia, kisha wakarudia umbea wao wa sukari iliyoadimika.

Ugomvi ulikuwa wa mafiga. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika kwa Verediana, yaani Mama Leonidasi, mwaka ule wa sabini na nne, mgambo walikuwa na haraka. Alipakia lorini mlango, mkeka na chungu cha maharage mabichi. Mafiga aliyaacha kwa kuwa yalikuwa bado ya moto, na kwao mwanamke hang'oi mafiga ya moto. Huyangoja yapoe, akayabeba mwenyewe, maana ndiyo aliyopewa na mama mkwe siku alipoanza kujipikia. Akasema atayarudia kesho. Kesho yake nyumba ilikuwa majivu, na mafiga yamekwenda na Tamimu, fundi wa Mwanaamina.

Kijiji kipya kilipimwa nyuma ya ua wa huyo huyo Mwanaamina. Huko, juu ya mawe ya kuokota, moto wa Verediana uliwaka vizuri, ukala kuni zote, na maji yakabaki baridi vile vile. Wanawe walitafuna muhogo mbichi.

Mwanaamina, mke wa Dadi mwenye duka, alikwisha kuona majiko ya Ujiji na Tabora. Alitaka lake liwe dogo lakini la kutazamika: kuta za chokaa, mstari wa buluu chini, dirisha la kutolea moshi, na mafiga yaliyopandishwa juu ya jukwaa la matofali ili mpishi asivunje mgongo. Kila kitu akifikie bila kunyanyua mguu. Marehemu alipotokea jioni ya kwanza, Mwanaamina alinung'unika tu kuwa nafasi imepungua, akamwita fundi.

"Anakaa pale pale siku zote?" akauliza Tamimu.

"Pale pale. Hasogei."

"Basi tumtumie."

Wakamtundikia ungo begani, wakampachika miiko vidoleni, na kichwani wakaweka ubao wa masufuria. Ubao ulitulia kabisa, kwani bibi alizoea mizigo tangu usichana. Wanawake wa mjini wakaja kutazama, chai ikamiminwa, vicheko vikajaa ua. Mke wa karani mmoja wa Kibondo akauliza na yeye atampata wapi marehemu wa kimo kile.

"Nipe hata moja," Verediana akasema sasa, sauti imeshuka. "Watoto hawajaonja cha moto tangu tushuke lorini."

"Nikuvunjie jukwaa langu? Tamimu kayajengea kwa saruji. Halafu shoga, ungeyapenda hivyo, ungeyaacha?"

Verediana akasogea dirishani. Akamwita mkwewe.

"Mama, twende nyumbani."

Bibi Uwimana akageuza shingo polepole, asimwage masufuria. "Hayajapoa, mwanangu," akasema, akainamia tena moto. Na moto ule Mwanaamina hakuwahi kuuacha uzimike.

Migebuka, samaki wa ziwani, ilikuwa imekwisha kuiva kwenye mawese, harufu imetanda ua mzima. Tumbo la Verediana likanguruma mpaka likasikika. Mwanaamina, ambaye hakupenda kula peke yake, akacheka bila kinyongo. Akamtazama jirani yake kimo, akamtazama mabega, kisha akaitupia jicho pembe ya jiko iliyokuwa bado tupu, pale karibu na mtungi.

"Mbona unasimama nje kama mgeni?" akasema, akimshika mkono. "Karibu ndani, Mama Leonidasi. Karibu tule."