Nyumba Iliyorukwa

Kila Oktoba, jumuiya ya Lukresia kijijini Buger husali rozari nyumba kwa nyumba. Sanamu ya Bikira Maria hulala kwa mwanajumuiya mmoja, na kesho yake jioni mama wa nyumba hiyo huibeba mwenyewe mpaka kwa jirani anayefuata, wenzake wakimsindikiza kwa nyimbo. Hakuna nyumba inayorukwa.

Mwaka jana waliruka moja. Kutoka kwa Lukresia njia inateremka kwa Blandina, kisha inapanda kwa mzee Qamara. Walipofika kwenye kona ya kuteremkia kwa Blandina walipandisha sauti, wakapita. Hakuna aliyepanga. Simon, mtoto wa Blandina, alikuwa dereva wa watalii. Siku moja alikuwa anakimbilia lango la Ngorongoro lisimfungie, akamgonga na kumuua Patrisi, mwana pekee wa Lukresia, aliyekuwa kwenye pikipiki pale Rhotia. Basi wanajumuiya wakamhurumia mfiwa. Walimsaidia kuchukia, kama walivyomsaidia kuchota maji ya msiba.

Mwaka huu katekista Leonce alimkuta Lukresia uani asubuhi akipepeta maharage ya ngwara.

"Mama Patrisi, leo unabeba."

"Nitabeba."

"Kwenda kwa nani?"

"Wewe ndiye katekista. Sema."

"Nikisema mimi utakuwa umenitii mimi. Nataka useme wewe."

Lukresia akapuliza makapi. "Sina la kusema, Leonce. Zamani nilimchukia yule mama mpaka nikakosa usingizi. Sasa hata chuki siisikii. Niko kama mguu uliokufa ganzi."

"Kwa hiyo unangoja usikie kitu kwanza?"

"Ndiyo."

"Utangoja sana. Bwana alisema tuwapende adui zetu, hakusema tungoje hamu. Mimi ningengoja hamu, Jumapili nyingine msingeniona, na mahubiri yangu mnayajua."

"Tunayajua," alisema Lukresia bila kucheka. "Marefu."

Jioni wakatoka. Kwenye kona, waimbaji wakapandisha sauti kama mwaka jana, na Martha aliyeongoza wimbo akaanza kupanda mlima. Lukresia akasimama. Wimbo ukafa mdomo mmoja baada ya mwingine.

"Mama Patrisi, njia ni huku," Martha alinong'ona.

"Kwa Qamara ni kesho."

Akateremka. Alikuwa amesikia watu wakishuhudia kanisani jinsi amani ilivyowamiminikia kifuani, akaisubiri yake. Haikuja. Hasira nayo haikuja. Alisikia uzito wa sanamu begani, basi.

Blandina alikuwa uani anasugua sufuria kwa majivu. Hakuwa amefagia wala kutandika kitambaa, hakutegemea mgeni. Aliinuka taratibu.

"Mmepotea?"

"Hatujapotea. Tumsifu Yesu Kristo."

Tangu ajali, Blandina ndiye aliyekuwa akimsalimu hivyo njiani, na Lukresia alikuwa akipita kama aliyepishana na kisiki.

"Milele amina," Blandina aliitikia. Akavuta kigoda, akajifungua kitenge cha juu, akakitandika. Wakasali rozari yote wakiwa wamepiga magoti kwenye vumbi.

Wengine walipoondoka, Lukresia alibaki.

"Simon yuko wapi?"

"Mto wa Mbu. Anapakia ndizi kwenye malori. Mahakama ilishamalizana naye, lakini hapa hathubutu kuja."

"Mwambie arudi nyumbani."

Blandina alimtazama. "Umemsamehe?"

"Nimesema arudi. Nikikuambia moyo umelainika nitakuwa nakudanganya, na Mama wa Mungu yuko hapo anasikia. Akinisalimu nitamwitikia. Hilo naliweza."

Blandina akatoa simu, lakini vidole vilikuwa na majivu, kioo kikakataa. Lukresia akaichukua, akatafuta jina, akapiga, akamwekea sikioni.

"Haloo? Mama?"

Blandina alifungua mdomo, kikatoka kilio tu.

"Mama, kuna nini? Mama?"

Lukresia akaileta simu kwenye sikio lake mwenyewe. "Mama yako ni mzima," alisema. "Mimi ni mama Patrisi."

Upande wa pili mtu alikuwa anapiga honi ya lori, na mwingine anacheka.

"Shikamoo, mama," Simon alisema mwishowe, sauti ya chini kabisa.

Lukresia akangoja kidogo, kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja.

"Marahaba," akasema.