Mshono wa Kuficha

Mimi nilikataa. Majirani wote ni mashahidi, maana sauti yangu haijui kunong'ona. Mtoto wa kike wa miaka kumi na minne ananing'inia jabalini kwa kamba, eti mchezo. Baba yake akacheka. "Mama Mjusi, ukimfungia ndani si atapanda makabati?" Jina la Mjusi alimpa yeye, kwa vile mtoto alianza kukwea fremu za milango hata meno ya utotoni hayajang'oka. Fomu ya ruhusa ya mzazi ilipokuja, niliisukuma pembeni. Yeye akatia sahihi, tena kwa kalamu yangu ya kuandikia vipimo vya wateja.

Kwa hiyo Mjusi alipoanguka kwenye mashindano, nilijua pa kumwaga hasira. Nyonga ilivunjika mahali pawili, na daktari kila akiulizwa habari za kutembea anaangalia dirishani. Palepale kwenye korido ya hospitali nikamwambia mume wangu asikanyage tena nyumbani. Alikwenda kwa dada yake na begi moja, na mtoto aliporudishwa nyumbani na plasta yake, baba mtu akawa anakuja kumwona na kupiga hodi kama mgeni. Nilimwacha apige.

Wiki hiyohiyo kocha alituletea vitu vya Mjusi kwenye mfuko. Nikautoa ule mkanda wa kiunoni, unaofungiwa kamba. Ulikuwa umekatika penye mshono wangu.

Niliketi chini kwenye sakafu. Siku chache kabla ya mashindano, Mjusi aliniletea mkanda huo kwenye cherehani, umelika pembeni. "Kocha akiona ataniacha nje," akasema. "Kwao ukichanika hautengenezwi, unatupwa. Na mpya haujafika." Ilikuwa rahisi kukataa, nilishazoea. Miaka miwili nilikuwa nimekataa kila kitu mpaka mtoto akaacha kunipa habari zake. Ananiamkia, anapita zake. Siku hiyo akavuta kigoda, akakaa karibu na goti langu. "Mama, hakuna anayeshona kama wewe."

Basi nikalainika. Nikatafuta uzi wa rangi ileile, uzi wa suruali, nikapiga mshono wa kuficha, ule unaowafanya wateja wageuze nguo huku na huku wakiuliza, "Fundi, palichanika wapi?" Kwetu sisi mafundi hakuna sifa inayozidi hiyo. Uzito wa mtoto sikuufikiria. Nilifikiria macho ya kocha.

Asubuhi ya mashindano akanipigia simu, anacheka. "Mama, kocha kapapasa mkanda mzima, hajaona kitu." Mungu anisamehe, nilicheka naye. Nilijisikia mtu.

Jumapili mchana shemeji yangu mkubwa akaitisha kikao sebuleni kwetu, kuamua kama mdogo wake atarudi nyumbani. Kabla hawajafika niliingia kumgeuza Mjusi kitandani. Akanishika mkono. "Mama, usiseme. Wakiuliza, nitasema nilishona mwenyewe." Mtoto hawezi hata kushona kifungo kilichong'oka. Nilimfunika shuka nikatoka.

Kocha alialikwa pia. Mkanda ulikuwa mezani katikati ya vikombe. "Niliukagua kwa mikono yangu," akasema. "Ulikuwa mzima."

"Basi kosa si la kocha," akasema wifi yangu, na huyo ni dada wa tumbo moja wa mume wangu. "Kosa ni la baba aliyemruhusu."

Mume wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi lake mwenyewe, begi katikati ya miguu. Alikuwa amekonda. "Ni kweli," akasema. "Sahihi ni yangu. Mama yake alikataa, mimi nikamcheka. Naomba mnisamehe, na yeye anisamehe."

Wote wakanigeukia. Ningesema nimesamehe, wangenisifu. Wifi angenikumbatia. Nilikasirika, sijui na nani; pengine na yule mwanamume kwa kuomba msamaha vizuri namna ile. Nikauchukua mkanda, nikachomoa kipande cha uzi kilichobaki kwa kucha.

"Uzi huu ni wangu," nikasema. "Mkanda ulichanika, nikaushona."

Kocha akauvuta karibu na macho. "Mbona sikuuona?"

"Hauonekani. Ndiyo kazi yangu."

Mume wangu aliniangalia. Nilidhani atapiga kelele, na ningeshukuru. Akauliza jambo moja tu. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu kocha alipoleta vitu."

Akahesabu kwa vidole. Zilikuwa wiki tano. Akasimama, akaingia chumbani, nikasikia akimuaga mwanawe. Kisha akatoka, akalichukua begi, akaelekea mlangoni. Safari hii hakuna aliyemfukuza.