Shingo za Mifuko ya Saruji

Kama uliwahi kupita soko la Tarime miaka ile dhahabu ya Nyamongo ilipowatia watu wazimu, basi ulimwona Zaitun, hata kama hukumnunulia kitu. Ni yule aliyekuwa akiuza hereni na mikufu ya rangi ya dhahabu, ile ambayo ukioga nayo mara tatu inageuka kijani. Wenzake walimwaga bidhaa zao juu ya turubai, mnunuzi akachutama na kuchakura mpaka magoti yakamuuma. Zaitun hakutaka mtu achakure. Pete alizivisha magunzi ya mahindi aliyoyasimamisha kwenye mfuniko wa mkebe. Bangili alizivisha chupa za soda, na hereni zilining'inia kwenye spoku za baiskeli alizozipinda na kuzichomeka ubaoni. Mikufu, na hapo ndipo alipokuwa fundi wa kweli, aliivalisha shingo.

Shingo hizo alizitengeneza mwenyewe. Alirarua mifuko ya saruji, akailoweka, kisha akaibandika kwa uji mzito wa muhogo juu ya mabega ya mtu mzima, tabaka juu ya tabaka. Mtu mwenyewe alikuwa Felista, rafiki yake tangu walipokuwa darasa moja pale Turwa. Felista alikaa kwenye kigoda nusu siku, amefungwa nailoni kifuani, uji ukimkaukia, huku akicheka kila Zaitun alipomwambia asicheke. Karatasi ilipokauka, Zaitun aliipasua kwa nyuma, akaivua na kuiunga tena. Kwa hiyo shingo zote tatu pale sokoni zilikuwa shingo za Felista.

Kilichobaki kilikuwa kitambaa cha kuzifunika. Felista alikuwa ameolewa na Waitara, mmoja wa wanaume watatu waliokuwa na duara lao, yaani shimo la dhahabu, kule machimboni, na siku Zaitun alipokwenda kumtembelea kambini ili aokote mifuko mingine ya saruji, Felista alimtolea blanketi mbili za kijivu.

"Hizi zimechoka, mama Ummy," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Zinakufaa. Ila usizifue, rangi yote itatoka."

Zaitun alizikunja ndani ya mifuko yake akashukuru sana. Getini mlinzi alimpekua Felista aliyekuwa anamsindikiza, kama alivyompekua kila mwenyeji wa kambi. Zaitun yeye alipungiwa mkono tu apite. Nani ampekue mama wa hereni?

Hakuzifua. Alizikata, akazibandika kwenye shingo, na kwenye pindo moja akakuta uzi wa buluu umeshonwa kwa msalaba. Akaupenda. Akauweka mbele kabisa, pale kidani kinapolala. Jua lilipowaka, blanketi zile zilimeta kidogo kidogo, na Zaitun akajua ni ulanga tu, vile vijiwe vya kumeta vya kwenye mchanga wa machimboni. Wateja walianza kusimama.

Aliyesimama kuliko wote alikuwa mzee Athumani, sonara wa Mugumu aliyekuwa anafungua duka la pili mjini Tarime, duka lenye kabati la kioo mbele. Alikuja mara tatu, akizunguka meza bila kununua. Mara ya nne alisema.

"Binti, Jumamosi nafungua. Lete shingo zako hizi hizi, unipangie kioo. Ukinipendeza, kiti cha nyuma ya kioo ni chako."

"Marahaba, mzee," alijibu Zaitun kwa kuchanganyikiwa, akajicheka. "Yaani, shikamoo. Ahsante."

"Dhahabu ni kitu kidogo sana," mzee aliendelea. "Nataka mtu ambaye sitamhesabia pete kila jioni."

Zaitun alirudi nyumbani akitembea juu juu. Miaka saba alikuwa amekaa chini, vumbi la soko likimwingia mpaka kwenye meno. Sasa angekaa kwenye kiti, mbele ya kioo, akiuza dhahabu isiyogeuka kijani. Alimtumia Felista habari siku hiyo hiyo, kabla hata hajamwambia mama yake mzazi.

Felista alikuja Alhamisi na kitambaa kipya cha mahameli nyeusi chini ya kwapa. Alitazama zile shingo, macho yakamtua kwenye uzi wa buluu, na kwa muda akasahau kusalimia.

"Nimekuletea zawadi," alisema mwishowe. "Duka kubwa kama lile huwezi kuingia na blanketi kuukuu. Zivue nikazitupe."

Machozi yalimlenga Zaitun. Mahameli! Alimkumbatia, akakikunja kitambaa vizuri, halafu akakataa. "Mzee amezipenda hizi hizi, Felista. Acha Jumamosi ipite, nitavisha mahameli yako wiki ijayo. Na blanketi utazichukua."

"Zivue leo."

"Umekuwaje? Wiki ijayo, nimesema."

Felista aling'ang'ania mpaka chai ikapoa. Alipoondoka, Zaitun aliona aibu kwa kumkatalia mtu aliyemjali namna ile. Hebu fikiria, aliona aibu yeye!

Jumamosi asubuhi kioo kilipangwa. Mzee Athumani alitoa mikufu yake ya kweli, Zaitun akaivalisha shingo moja baada ya nyingine, na watu waliokuwa wakipita barabarani wakapunguza mwendo. Mzee alivuta kiti akakiweka nyuma ya kioo, akamwonyesha kwa mkono. Zaitun alikuwa amekaa muda wa kutosha kunyoosha gauni lake tu, mlango ukajaa.

Aliyetangulia alikuwa Nchagwa, mwanamume mrefu wa Susuni, mwenzake Waitara katika duara. Nyuma yake alikuwa mkewe Eunice, na nyuma ya Eunice, akitazama sakafu, alikuwa Felista, waliyemleta awaonyeshe rafiki yake alipo.

"Uzi ule," alisema Eunice, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Nilinunua hereni kwake juzi nikauona. Ni mimi niliyeushona."

Nchagwa alieleza, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ilivyotarajiwa. Pale machimboni, blanketi hutandikwa kwenye mwalo, ule mteremko wa mbao unaopitisha maji na mchanga, na dhahabu hunasa kwenye manyoya yake. Kila duara lina alama yake, na blanketi haitoki kambini kabla haijaoshwa mbele ya wenye duara wote. Mbili zao zilitoweka bila kuoshwa, wiki sita zilizopita. Walipekua kila nyumba ya kambi, kuanzia ya Waitara.

"Zaitun," alisema mzee Athumani, "ulizipata wapi?"

Zaitun aligeuka kwa Felista, tena kwa tabasamu, kwa sababu jibu lilikuwa limesimama pale pale. "Mwambie, mwenzangu."

Felista aliinua uso. "Alikuja kuokota mifuko ya saruji. Nikaingia ndani kumpikia chai. Nilipotoka alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake." Alimeza mate. "Sikujua kama ana mkono huo."

Zaitun alisikia maneno yote na hakuelewa hata moja. Alimtazama Felista mdomoni, akingoja mdomo ule ucheke, useme ni utani. Haukucheka. Hapo mahameli, na *usizifue*, na haraka ya Alhamisi, vyote vikajipanga mbele yake bila kupangwa na mtu.

Mzee Athumani alileta karai la maji ya moto. Alibandua blanketi ya shingo ya kwanza, akaitumbukiza na kuisugua, akayazungusha maji taratibu, akamwaga, akaongeza, akamwaga. Ndani ya karai, chini kabisa, pakabaki mstari wa njano uliokoza. Eunice alivuta pumzi. Wote wakamtazama Zaitun.

"Aliniambia nisizifue," Zaitun alimwambia Nchagwa. Aliona hasira inamsaidia kusimama. "Kama ningejua kilichomo, baba, ningekaa nazo juani wiki sita? Ningeziosha siku ile ile! Na alama yenu ningeiweka mbele, kwenye kifua, mke wako aje aione?"

Nchagwa alilitazama karai, akautazama uzi wa buluu, akageuka polepole na kumtazama Felista. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nyumbani kwa Waitara palipekuliwa mpaka chini ya jiko, lakini sokoni Tarime hakuna aliyepekua, na dhahabu ya wenzao ilikaa pale ikisubiri watu wasahau ndipo aliyeificha aje aichukue.

"Twende," Nchagwa alimwambia Felista. "Mume wako atatueleza mbele ya Mniko." Mniko ndiye aliyekuwa wa tatu wao katika duara. Felista alianza kulia kabla hajafika mlangoni.

Zaitun alirudi kwenye kiti. Lakini mzee Athumani alikuwa ameweka mkono juu ya mgongo wa kiti hicho, na hakuuondoa.

"Najua hukuiba," alisema. "Nitamwambia kila atakayeniuliza. Lakini binti, hapa wataingia watu wenye maneno matamu kila siku. Umekaa na dhahabu wiki sita hukuijua, na umekaa na huyo mama miaka yote hukumjua. Siwezi kukuachia kioo."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliouma. Angemtukana, Zaitun angepata la kumjibu. Alizitoa shingo zake kabatini moja moja, akazivua mikufu ya mzee na blanketi za kina Nchagwa, akaviacha vyote mezani, akafungasha magunzi na spoku zake.

Nje, Nchagwa na mkewe walikuwa wanatafuta gari la kurudi machimboni. Felista alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha duka la jirani. Alipomwona Zaitun alisimama.

"Ungekubali tu," alisema, macho mekundu. "Ungesema ulizichukua bila kujua, wangekusamehe. Wewe watu wanakupenda, mama Ummy. Mimi na Waitara watatufukuza, watatunyang'anya kila kitu. Ungenibebea hili moja."

Zaitun aliweka mzigo chini. Alikuwa na matusi mengi, ya Kiswahili na ya Kikurya aliyojifunza kwa Felista mwenyewe, na yote yalimjaa mdomoni.

"Ungeniomba," alisema. "Ungekuja Alhamisi ukanieleza, ukaniomba, ningekubebea."

Akaondoka na mzigo wake. Alifika mpaka njia panda ya Turwa ndipo akajisikia analia, na kilichomliza hakikuwa kiti cha mzee Athumani. Ni kwamba alichomwambia Felista kilikuwa kweli: angembebea.