Mguu wa Nne wa Tangi

Mzee Loro, mjenzi wa matangi ya maji, alikuwa na sheria yake moja: tangi likijazwa mara ya kwanza, aliyetia sahihi cheti cha upimaji husimama chini yake. Ndiyo maana asubuhi hiyo Nyakuon alisimama katikati ya miguu minne ya chuma katika mtaa wa Hai Cinema, Juba, pampu ikinguruma, wanawake wenye jerikeni wakimkodolea macho.

Kilikuwa cheti chake cha kwanza tangu arudi kutoka masomoni Nakuru. Kazi yake ni kupitisha mawimbi ya sauti ndani ya chuma palipochomelewa. Penye ufa, sauti hurudi na mlima huchomoza kwenye skrini. Pasipo na ufa, skrini hubaki tupu. Jana ilibaki tupu kwa miguu yote minne, akashukuru Mungu, akatia sahihi.

Maji yalipofika nusu ndipo alipokumbuka. Mguu wa nne! Aliupima saa nane mchana, chuma kikiunguza vidole. Alipaka jeli ya kuingizia sauti chumani, akapokea simu, akazungumza weee, kisha akarudi kupima. Jeli ikikauka sauti haiingii, na skrini huwa tupu vilevile.

Akitoka pale, Juba nzima itasema cheti chake ni cha uongo. Akinyamaza, hatakufa peke yake.

"Zimeni pampu!" akapaza sauti.

"Wewe iko naogopa?" Loro akauliza.

"Naogopa, mzee. Huu mguu sikuupima poa. Nipe dakika tano tu."

"Khalas, basi. Zima," Loro akanung'unika.

Kifaa cha kupimia alikuwa nacho begini, ila jeli ilikwisha jana. Akakimbilia kwa Natalina, muuza mandazi aliyekuwa akikaanga hatua chache tu kutoka hapo, akaomba mafuta ya chupani. Akaupaka mguu, akatelezesha kifaa taratibu. Mlima ukachomoza, mrefu, ukagoma kushuka.

Loro alipouona akaenda mwenyewe kufungua maji yamwagike.

"Tokeni hapa, mama zangu," Nyakuon akawaambia wanawake. "Tangi ni bovu."

Wakatoka mbio na watoto. Natalina akabaki.

"Jana wewe iko nasema mzuri," akasema, bila hasira. "Mimi naleta jiko hapa. Naleta watoto."

Nyakuon akainama kando ya jiko. Natalina akaepua karai, wakashika jiko huku na huku, lingali la moto, wakalivusha hadi ng'ambo ya barabara.