Vishindo Ghorofani kwa Naimo

Zilpah alifika Garissa mwaka ule wa mvua za El Nino, matope yamemganda hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Alitoka Kakamega kumtafuta mumewe Morris, dereva wa lori la chakula cha msaada, ambaye hakusikika tena tangu mto Tana ulipofurika. Tajiri wa Morris kule Nairobi alimwambia lori lilizama njia ya Kotile, basi. Hakujua zaidi, wala hakuonyesha hamu ya kujua.

Zilpah alikuwa na neno moja tu la kushika. Morris hulala kwenye gesti ya mama aitwaye Naimo, katika jumba la mawe ambalo wakoloni walimjengea Bwana Shauri wao, mtawala wa wilaya. Kila akija likizo alisimulia jinsi mzungu yule alivyofia ghorofani akisubiri gari la kumrudisha kwao, na jinsi anavyosikika mpaka leo akipita huku na huku, bado anasubiri. Zilpah alikuwa akimkatiza, watoto wasije wakaota mambo hayo. Sasa alisimama kwenye veranda ya jumba lenyewe, akabisha.

Naimo, mwanamke mnene wa sauti nzito, alimkaribisha kwa chai ya maziwa. Aliposikia jina la Morris alitikisa kichwa.

"Morris mimi sijui, abaayo, dada yangu. Madereva wengi inalala hapa. Bole sana."

Chai ikamshinda Zilpah. Alikuwa amelitegemea jina hilo litambulike hapa, kama si kwingineko kokote.

"Lala upumzike," Naimo alimwambia, akimwonyesha chumba cha chini. "Lakini huko juu usiende. Watu inaogopa."

Alasiri, Naimo alipokwenda kuswali, Zilpah alisikia vishindo juu ya kichwa chake. Mbao za dari zililia: hatua, kimya, kisha kitu kikaburutwa. Halafu mtu akaguna. Zilpah alikamata kitanda kwa mikono miwili, akaanza kusali kwa Kiluhya, maana Kiswahili kilimtoka kichwani. Vishindo vikaja mpaka juu yake kabisa, vikasimama.

"Biyo," sauti ikasema kinyonge. "Biyo..."

Neno hilo alilijua. Njia nzima watu waliokuwa juu ya lori lililomleta walikuwa wakiliitia dumu la maji. Alisikiliza tena, akasikia kikohozi cha mtu ambaye koo limemkauka. Alichota bakuli la maji kwenye mtungi, akapanda ngazi huku bado anasali.

Kwenye chumba cha ghorofani alimkuta mzee mmoja, mifupa mitupu, ameshika fremu ya dirisha kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Zilpah alimketisha kitandani, akamnywesha kidogo kidogo.

Naimo akaingia mbio, shela begani.

"Umemwona," alisema, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Usimtangaze, abaayo. Anaitwa Nuh, mgeni wangu wa siku nyingi. Hospitali ilisema ni malaria tu, lakini majirani wanaona mbuzi wanakufa kwa ugonjwa wa kutoka damu, watu pia, wakadhani na yeye anao. Walitaka atolewe mjini. Nikawaambia huko juu hakuna mtu, ni yule mzungu analia. Basi wakakimbia wenyewe. Hata wewe nilikuogopa."

Zilpah alitaka kucheka, akajikuta analia. Nuh alimtazama, macho yake yakiwa maangavu kwa mara ya kwanza.

"Mama huyu anamlilia nani?" aliuliza.

"Mume wangu. Dereva."

"Mimi pia dereva. Lori letu lilizama Kotile. Mwenzangu, Madobe, alinibeba mgongoni katika maji. Mtu wa kwenu huko bara. Kila tukivuka daraja anataja watoto wake kama dua. Shiundu, Khasandi, Ambani..."

Bakuli la maji likamponyoka Zilpah.

"Hao ni wanangu!"

Naimo alijipiga paji la uso. "Madobe! Wallahi, kumbe Madobe ana jina lingine! Sisi tulimbatiza hivyo kwa weusi wake, na kwake yeye ikawa sawa tu!"

"Yuko hai?" Zilpah alimshika Nuh mkono.

"Ndege ya jeshi ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Niliposukumwa ndani, yeye alikuwa anagombana na askari kwamba mgonjwa ndiye atangulie. Yuko huko huko Kotile, shuleni, pale palipoinuka, na wanakijiji."

Naimo hakungoja. Alimkokota Zilpah kupitia madimbwi mpaka ofisi moja ya misaada yenye redio ya mawasiliano. Karani aliita na kuita, redio ikikoroma tu. Kisha sauti ya mtu wa Kotile ikajibu, ikaenda kumwita mtu, na baada ya kitambo, katikati ya mkoromo, mtu akasema, "Zilpah? Ni wewe kweli?"

Maneno yote aliyoyapanga njiani yalipotea.

"Umekula?" aliuliza.

"Maziwa ya ngamia mpaka nimenenepa!" Morris alipaza sauti. "Nuh amepona?"

"Amepona. Amekunywa maji."

Karani aligeuza uso dirishani. Ndege ingepeleka dawa huko kesho, alisema, na ikirudi ingembeba dereva.

Zilpah alirudi gesti, akaoga, akajitupa kitandani. Usingizi aliokuwa hajaupata tangu atoke Kakamega ukamchukua papo hapo. Naimo alilazimika kumtikisa bega ili aamke ale wali na nyama ya mbuzi.