Moto wa Monsieur Lazar

Katika jiko lile la Schaerbeek, mjini Brussels, ambako vyakula vya harusi za Wayahudi vilipikwa, mwenye ruhusa ya kuwasha moto alikuwa Monsieur Lazar peke yake. Marabi, viongozi wa dini yao, walikuwa wamemweka pale asimamie chakula kiwe kosher, yaani halali kwao. Kila asubuhi aliwasha taa ndogo ya mafuta ukutani. Jiko likizimika, wapishi Wakongo waliweza kuchukua moto kwenye taa ile, kwa kuwa ulikuwa umeanzia mkononi mwake. Moto wa kwingine uliharamisha sufuria nzima.

Maman Kasoki alilijua hilo. Tangu aanze kazi pale, mwaka 1995, mzee Lazar alikuwa akimbebea magunia ya vitunguu na kumwuliza habari za binti yake, Abigaël, aliyebaki Bukavu.

Alhamisi moja Lazar alipanda juu kupokea simu. Upepo wa mlangoni ukazima jiko chini ya kuku, nao wangali wabichi. Kasoki hakutaka mzee wa watu ashuke ngazi mbiombio na magoti yake mabovu. Akachomoa kiberiti mfukoni, akawasha, kama alivyowasha kwake siku zote. Alipoikumbuka taa, jiko lilikuwa tayari linawaka.

Bertin, mpishi mkuu, aliona yote. Yeye ndiye aliyewaandikia wafanyakazi barua za kazi, na komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, ilikuwa inaisubiri ya Kasoki ili Abigaël aruhusiwe kuja. Kasoki akamwambia atakiri, kuku wamwagwe, waanze upya. Bertin akacheka kidogo.

"Bon, maman. Kuku ya bantu mia mbili tutupe juu ya kijiti kimoya ya kiberiti? Utasema ulikamata moto mu taa. Ukisema ingine, barua yako itafuata kuku mu poubelle, mu takataka. Alors, chagua: mutoto wako ao ule muzee."

Lazar aliporudi aliuliza, kama ilivyokuwa desturi yake, kama kuna jiko lililozimika. Kasoki akajibu kwamba lilizimika moja.

"Na moto uliutoa wapi, maman?"

Kasoki aliwatazama kuku, kisha akamtazama Bertin, aliyekuwa anajifutia mikono kwa utulivu.

"Kwa taa yako, papa."

Mzee hakugeuka hata kuiangalia taa. Aliwaambia wote kwamba amesimamia majiko miaka thelathini, na huyu mama ndiye wa kwanza asiyehitaji kuulizwa mara mbili. Bertin akaitikia kwamba ni kweli kabisa, maman wetu ni muntu ya Mungu.

Adhuhuri kuku waliiva. Lazar akasema dua yake kwa sauti ndogo, akaonja, akafumba macho kwa utamu. Kisha akamchagulia Kasoki paja zuri, akampelekea sahani mwenyewe kwa mikono miwili. Kasoki akala mpaka mfupa, maana mzee alikuwa amesimama mbele yake, akingoja kuona kama amependa.